Rudi Nyumbani, Ila Usisafiri

Tuseme wewe ni mwanafunzi mgeni katika mwaka wa korona, 2020. Barua pepe ya kwanza itakuja Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Chuo cha Uingereza hakitoi mwongozo Jumatatu, kwa sababu Jumatatu mtu anaweza kupiga simu akauliza swali na kumkuta binadamu mezani. Ijumaa jioni anayejibu ni mashine, nayo itakushukuru kwa subira yako kabla hujaamua kama utakuwa nayo.

Chemsha chai kwanza, kisha isome kutoka chini kwenda juu. Juu wameweka huruma. Jambo lenyewe liko aya ya tisa, limejibanza nyuma ya linki. Halafu tazama sahihi. Kwetu hata barua ya kukufukuza masomo huwa na muhuri, wino na jina la mtu, au walau "K.n.y. Makamu Mkuu wa Chuo", ili ujue mlango wa kwenda kubisha. Hii itaandikwa "Wako, Timu". Mlango wa Timu sikuwahi kuuona mwaka mzima, na nilikuwa naishi mwendo wa dakika kumi kutoka jengo lao.

Lugha ya Timu inajifunzika. "Ustawi wenu ndio kipaumbele chetu" maana yake maktaba inafungwa. "Tunatambua kuwa huu ni wakati mgumu" maana yake ada hairudishwi. "Masomo ya mseto" ni video aliyoirekodi mwalimu mwaka juzi, ukumbi umejaa wanafunzi wanaokohoa bila hofu yoyote. Na ukiambiwa "tunafuatilia hali kwa karibu", jua kwamba wanasoma gazeti lilelile unalosoma wewe.

Mimi niliingia Septemba 2020, natokea Tanga, kusoma shahada ya pili katika mji mmoja wa kaskazini mwa England. Nyumbani vyuo vilikuwa vimefunguliwa tangu 1 Juni, daladala zilishasahau habari za levo siti, na ukivaa barakoa sokoni watu wanakuuliza unaumwa nini. Ukitoka hapo ukashukia kwenye nchi yenye mishale sakafuni na watu wanaokupisha kama una moto, unajiona kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Fomu ya kwanza itakuuliza idadi ya wagonjwa nchini kwako. Andika 509. Serikali ilipoacha kutangaza takwimu, Mei 2020, nambari hiyo ilikaa zaidi ya mwaka bila kupanda wala kushuka, na fomu za chuo hupenda nambari isiyosumbua.

Kisha utajitenga siku 14. Mwongozo utakuambia usitoke hata kwenda dukani, na chini yake, kwa upole mkubwa, utaongeza: waombe ndugu au marafiki walio karibu wakuletee chakula. Umeshuka jana usiku. Ndugu yako wa karibu kuliko wote yuko Muheza.

Chuo chetu kilituuzia boksi. Ndani mlikuwa na tambi, tofaa moja, na makopo manne ya maharage yaliyotiwa sukari. Maharage yenye sukari ni jambo ambalo ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ilipaswa kutuonya hata kabla ya korona. Siku ya tatu nikaomba msaada kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa mji ule, wakanirushia namba ya duka. Nikapiga, nikaanza na Kiingereza changu cha mtihani wa viza, sauti upande wa pili ikanikatiza: "Sema Kiswahili, mwanangu, salio lisikwishie." Alikuwa mzee wa Barawa, Somalia, aliyeishi Mombasa miaka mingi baada ya kuikimbia vita ya kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wataka nini?"

Jioni ile nikakuta mlangoni unga wa sembe, mihogo ya kugandishwa, ndimu na tangawizi. Hesabu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu juu ya mfuko, na neno moja chini yake: ukitoka.

Sasa tuje kwenye kaya, maana hapa ndipo wageni wengi huanguka. Watu saba waliokutana juzi, wanaochangia jiko moja, kwa lugha ya mwongozo ni kaya. Kwetu kaya ina mkuu wake, ina balozi wa nyumba kumi anayeijua, na ina sufuria moja kubwa. Yetu ilikuwa na sufuria saba, kila moja imebandikwa jina la mwenyewe, na friji iliyogawanywa kwa mistari iliyonyooka kama ramani ya Afrika ya wakoloni. Lakini mmoja wenu akipimwa akakutwa na kirusi, ghafla nyote ni ndugu wa damu: kaya nzima ndani, siku 14. Sisi tulifungiwa mara mbili kwa ajili ya kijana mmoja mcheshi aliyekuwa akihudhuria sherehe ambazo, kwa mujibu wa maelezo yake kwa chuo, hazikuwapo. Ushauri wangu: siku ya kwanza kabisa mtafute mwanakaya mwenye watu wa kumpenda wengi, umpikie wali wa nazi, umwombe asitoke. Mwongozo hausemi hivyo, lakini hiyo ndiyo kinga niliyoona ikifanya kazi.

Sambamba na mwongozo wa chuo utapokea mwongozo wa pili, nao unatoka kwa mama. Ofisi hii hufunguliwa alfajiri, haijui sikukuu, na hutuma sauti za dakika nne nne. Mwarobaini, mchaichai, tangawizi, ndimu na maganda yake. Chemsha, inamia sufuria, jifunike blanketi, usitoke mpaka jasho lishuke. Nyungu, kama zilivyokuwa zikipigwa kote Tanzania mwaka ule. Ukiujibu mwongozo huu, unajibiwa papo hapo, na swali linalofuata ni kama umekula.

Nilipiga nyungu usiku wa kumi na moja wa kujitenga, zaidi kwa kumridhisha mama kuliko kwa imani. Mwarobaini sikuwa nao, nikatumia mchaichai wa pakiti. Jasho lilikuwa ndiyo linaanza kushuka pale mvuke ulipokifikia kile kidude cheupe cha darini, na kengele ya moto ikalia jengo zima.

Hapo miongozo miwili ya chuo ikagongana uso kwa uso. Wa moto unasema kengele ikilia toka mara moja, usichukue chochote. Wa karantini unasema usitoke kwa sababu yoyote. Tukatoka. Uwanja mzima wa nyasi ukajaa watu, wengine wamefungiwa siku ya pili na wengine siku ya kumi na tatu, wote wamevaa nguo za kulalia, wanajitahidi kuachiana mita mbili gizani. Mimi nilikuwa katikati na blanketi lililoloa, nanukia kama supu. Mlinzi akaja na tochi kuniuliza nilikuwa napika nini. Nikamwambia najipika.

Siku hizi nikiulizwa nasema mvuke hauui kirusi, na ni kweli, hauui. Lakini katika siku zote 14 usiku ule ndio pekee nilioona nyuso za majirani zangu. Binti mmoja wa ghorofa ya chini alinipungia mkono.

Ijumaa ikaja barua: wakazi wote wanakumbushwa kuwa mishumaa, udi na ubani haviruhusiwi vyumbani. Nyungu, mpaka naondoka, haikuwahi kukatazwa kwa maandishi.

Habari za pesa nitazipitia haraka, zinaumiza. Ili upate viza ya kusoma nje ya London ulitakiwa kuonyesha pauni 1,015 kwa kila mwezi, hadi miezi tisa, yaani pauni 9,135, zikiwa zimelala benki siku 28 bila kuguswa. Kadi yako ya ukaazi ilikuwa imeandikwa kwamba huna haki ya fedha za umma. Unaruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na mwaka huo mikahawa yenye kazi hizo ilikuwa imefungwa. Ukikwama, chuo kina mfuko wa dharura. Fomu yake ina kurasa sita na inakutaka uthibitishe mambo mawili: kwamba ulikuja na pesa za kutosha, na kwamba sasa huna. Ukilithibitisha vizuri la pili, wanalitilia shaka la kwanza.

Novemba yote tulikuwa tukisubiri habari za kwenda nyumbani. Serikali ya Uingereza ikatangaza dirisha: kuanzia 3 hadi 9 Desemba 2020 wanafunzi wa England warudi makwao kwa zamu. Chuo kikatuandikia kutuhimiza turudi nyumbani tukapumzike na familia. Dakika arobaini baadaye ikaja barua nyingine, kwa wanafunzi wa kimataifa peke yetu, ikitushauri tusisafiri. Ukipata barua mbili za namna hii, usijisumbue kutafuta ipi ni sahihi. Zote mbili ni sahihi, kwa maana kwamba lolote litakalokupata, moja kati yao ilikwisha kuonya.

Wanakaya wenzangu wa Kiingereza walirudi kwao kwa treni na pakiti ya biskuti. Mama naye akatuma ya kwake: "Njoo mwanangu, huku hakuna korona." Nikabaki. Mwenzetu mmoja wa Moshi akaenda, akala Krismasi, akatutumia picha za ndizi nyama. Tarehe 22 Januari 2021 Uingereza ikaufunga mlango kwa wasafiri wanaotoka Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwenye kibali cha kukaa aliruhusiwa kurudi ila ajitenge. Kuanzia 15 Februari kujitenga kwenyewe kukawa hotelini, siku 10 kwa pauni 1,750 za mfukoni mwako, zaidi ya shilingi milioni 5. Chuo kilimwandikia kwamba kinatambua huu ni wakati mgumu. Alitoka kupitia dirisha la Desemba, akarudia dirisha la hoteli ya uwanja wa ndege, na hilo lilikuwa halifunguki.

Usidhani wenye Kiingereza chao walifaidi. Tarehe 5 Novemba 2020 Chuo Kikuu cha Manchester kiliwazungushia wanafunzi wake uzio kwenye hosteli za Fallowfield. Wakaung'oa usiku uleule, na mkuu wa chuo akaomba radhi. Binafsi nauheshimu ule uzio. Ulikuwa mwongozo pekee wa mwaka ule ulioeleweka bila kubonyeza linki.

Na ukiona wa kwako mbaya, mpigie simu aliyeko Marekani. Tarehe 6 Julai 2020 idara ya uhamiaji ya huko ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yatakuwa ya mtandaoni aondoke nchini au ahamie chuo kinachofundisha ana kwa ana. Vyuo vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani siku mbili baadaye, na tarehe 14 serikali ikaifuta amri yake. Mtu aliyefunga sanduku Jumatatu alilifungua Jumanne ya wiki iliyofuata, na ninavyowajua ndugu zangu, pilipili ya mama ilikuwa imeshamwagikia mashati.

Wa China ndio sithubutu kuwafanyia mzaha sana. Mipaka ilifungwa kwa wenye viza za masomo 28 Machi 2020, na kwa wengi viza mpya za masomo hazikuanza kutolewa tena mpaka Agosti 2022. Aliyekuwa likizo nyumbani akabaki likizo. Binamu yangu anasomea udaktari huko. Darasa la saa mbili asubuhi kule China lilimkuta Tanga saa tisa usiku, chini ya neti, akijifunza kusikiliza mapafu ya mgonjwa kwa bando la gigabaiti moja. Mwongozo wa chuo chake ulimshauri azingatie mazoezi ya vitendo. Akayafanya kwa bibi. Bibi mpaka leo anadai ndiye aliyemsomesha.

Limebaki jambo la mwisho, nalo usilipuuze: fomu ya mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura. Nilitaka kumwandika mama, lakini kisanduku cha namba ya simu hakikukubali +255. Kilitaka mtu aliyemo ndani ya Uingereza. Wanakaya wangu walikuwa wametawanyika, Timu haina namba. Nikamwandika mzee wa duka. Palipoulizwa uhusiano wetu nikaandika: ananidai.

Kila wiki tulitakiwa kubonyeza linki kuthibitisha kwamba tu salama. Wiki moja ya Machi nilikuwa na insha mbili, nikasahau. Kesho yake, mchana, simu ikaita.

"Chuo chako kimenipigia," akasema mzee. "Wauliza kama u hai."

"Ukawaambiaje, mzee?"

"Nimewaambia u hai, jana umechukua kilo mbili za mihogo na hujalipa."