Kayaki ya Bwana Mkubwa
Wainuiti walitengeneza kayaki kwa ngozi ya sili, nyepesi kiasi cha mtu mmoja kuibeba, wakatoka nayo kuwinda baharini. Mvuvi wa Ziwa Fork, Texas, hataki umaskini huo. Yake ni ya plastiki, inapita kilo 45, ina kiti chenye egemeo, pedali (kasia linachosha, jamani), betri, sona ya kuchungulia samaki wanaopita chini, na tundu la kuwekea kikombe cha kahawa. Kuifikisha majini kunataka toroli. Samaki aina ya besi akinaswa hupimwa kwa rula: wa kati ya inchi 16 na 24, sheria inataka arudishwe ziwani. Basi nawe ukienda dukani, anza na jaketi la kuokolea maisha. Hayo mengine samaki hajayaomba.