Bwawa Juu ya Boriti

Hongera, mwenye nyumba wa Mji Mkongwe, Zanzibar! Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko zikaamua upana wa kila chumba. Wewe umeamua juu ya nyumba hiyo pakae ghorofa ya kisasa: kioo, alumini na kibwawa cha wageni kutazamia machweo.

Fundi kakuhakikishia kuwa saruji ni ngumu kuliko chokaa. Kweli kabisa. Ndiyo maana inaufungia unyevu ukutani, chumvi inachomoza, lipu inabambuka na kuangukia makochi, nawe unamwita fundi yuleyule aongeze saruji. Biashara yake haifi.

Boriti hazikuulizwa. Zilipangwa zibebe watu wapungao upepo jioni, si tani za maji na watalii waliomo. Hapa hapa mjini, Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na halikuwa na bwawa.

UNESCO iliuorodhesha mji huu mwaka 2000, bila kukiona kioo chako. Basi tafadhali, kabla ya tofali la kwanza, mpandishe mhandisi azikague boriti. Wapangaji wako wa chini wana watoto.