Asifiwe Mpanga Malalamiko

Mheshimiwa ninayetaka kumsifu leo hana sura, hana mshahara, na sijasikia kwamba amewahi kumrudishia mtu hata franka moja. Ni ile akili mnemba ambayo kampuni kubwa zimeiweka mlangoni ipokee malalamiko ya wateja, iyasome, iyagawe mafungu, kisha iyapeleke kwenye idara inayohusika. Hapa Tenke, Katanga ya Kongo, wapo wanaoiita balaa. Mimi naona hatuna shukrani.

Tuanze na nasaba, maana haifai kumsifu mtu kabla hujamtaja baba yake. Mheshimiwa anaishi ng'ambo, kwenye majumba ya kompyuta yaliyojaa nyaya za shaba, na shaba ndiyo inayochimbwa hapa petu, kwenye mgodi wa Tenke Fungurume, ambako Wamarekani wa Freeport-McMoRan walianza kuzalisha mwaka 2009 na Wachina wa China Molybdenum wakanunua sehemu yao mwaka 2016. Basi ni ndugu yetu. Aliondoka akiwa jiwe, amerudi akiwa ujumbe: "Lalamiko lako limepokelewa."

Na kwa malezi, Tenke tunamfahamu vizuri. Reli ya kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1931 tawi la magharibi likaungana na reli ya Angola, na Tenke ikawa njia panda. Huku Bukama na Kamina, huku Kolwezi na Dilolo hadi bandari ya Lobito, huku Likasi na Lubumbashi. Tangu hapo kazi yetu ni kuelekeza mali iende kwingine. Hata ule waya mkubwa wa umeme kutoka Inga, wa kilomita zipatazo 1,700, uliokamilika mwaka 1982, ulipita juu ya vijiji visivyo na taa ili ufike Kolwezi kwenye migodi. Watu waliokulia hapa wanashangaa nini lalamiko lao likisafiri salama na lisifike?

Sasa tabia zake. Halali usingizi. Hakwambii urudi Jumatatu. Haombi hongo, si matabishi wala madesu ya bana, hakuulizi umetumwa na nani, na hakutazami viatu. Aliyewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi ya kwetu, akimsubiri karani aliyetoka "dakika moja" tangu asubuhi, anajua kwamba hapo sifanyi mzaha hata kidogo.

Elimu yake nayo ni ya heshima. Alisomeshwa kwa malalamiko ya zamani ambayo makarani walikwisha kuyabandika alama: hili la fedha, hili la mtandao, hili si la haraka. Kama karani alikuwa mvivu na kila asilolielewa akaliita "mengineyo", mwanafunzi ameurithi uvivu huo na kuufanyia kazi kwa kasi isiyo ya kibinadamu. Kazi ya kubandika alama kwa ajili ya mashine ina watu wake, nao wengine ni jirani zetu: mwezi Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya kampuni ya akili mnemba ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuchambua maandishi machafu. Majina ya walimu hao hayakuandikwa popote kwenye mashine. Mwanafunzi mwenye adabu hawasumbui walimu wake.

Jirani yangu mwenye kabini, yaani kibanda cha simu, karibu na stesheni alituma fedha kwa simu zikaenda kwa namba ya mtu mwingine. Aliandika kwa kampuni, ambayo sitaitaja, kwa Kiswahili chetu cha Katanga: akaanza kwa jambo, akawauliza habari za kazi, akawaombea Mungu awabariki wao na watoto wao, akawashukuru kwa huduma nzuri ya miaka yote, ndipo akasema makuta yake yamepotea. Mheshimiwa, aliyefundishwa kupima hasira kwa uzito wa maneno, alikuta baraka nne na msiba mmoja. Lalamiko likaingia kwenye fungu la pongezi. Akaandika tena, safari hii kwa ufupi: "Balituma makuta yangu kwa mutu mwingine." Likaenda idara ya mtandao, ambayo ilithibitisha kwa furaha kwamba mtandao wa Tenke uko sawa. Likafungwa. Kisha akaombwa atoe nyota, moja hadi tano.

Alitoa tano. Alidhani ndiyo bei ya kuendelea.

Wasiomjua mheshimiwa wataita hilo kosa. Lakini muulize mkubwa wa kampuni anachokiona kwenye kioo chake: malalamiko mawili yamepokelewa, yote yamegawiwa ndani ya sekunde, yote yamefungwa, na mteja ameridhika. Zamani mkubwa alihitaji mlinzi, katibu na mlango mnene ili asimsikie mteja. Leo anamsikia mchana na usiku, kwa takwimu. Kampuni ya malipo ya Klarna ya Sweden ilijigamba mwaka 2024 kwamba mashine yake inafanya kazi ya watu 700. Mwaka uliofuata mkuu wake akakiri kwamba ubora umeshuka, wakaanza tena kuajiri binadamu. Moyo mdogo ule! Angevumilia, angeona wateja wakichoka wenyewe.

Kila ukoo una mwana wa aibu. Wa ukoo huu yuko Kenya, kwenye huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health. Mama mjamzito anatuma swali kwa ujumbe mfupi. Mashine inalisoma, ikiona dalili ya hatari inalisogeza mbele ya foleni, na binadamu aliyesomea afya anamjibu mama huyo. Mwaka 2023 wakatengeneza hata UlizaLlama, mfumo uliofunzwa Kiswahili. Tazama uharibifu: kupanga kumefuatwa na kujibu! Kuna mtu ameajiriwa mwisho wa njia. Desturi hiyo ikivuka mpaka, kampuni zetu zitalazimika kuajiri watu wenye ruhusa ya kurudisha fedha, na sijui heshima ya mheshimiwa itabaki wapi.

Kabla hayo hayajatokea, msomaji wa Tenke, Fungurume au Kolwezi, mpokee kwa adabu anayoielewa. Anza na fedha: kiasi, tarehe, saa, namba ya muamala. Sema tatizo kwa sentensi moja. Salamu, baraka na shukrani ziweke mwisho, au mpelekee mwenye kabini, ambaye atazijibu. Na wakikuomba nyota kabla makuta hayajarudi, usitoe hata moja.