Mzinga Usiotunza Asali

Mwenye duka wa Mzinga, Morogoro, hutundika kamera 4 na bango la herufi kubwa: TAHADHARI, UNAREKODIWA. Bango halisemi rekodi itakaa hadi lini.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Nne hula 86.4. Diski ya gigabaiti 500 hujaa kabla ya siku ya 6 kwisha, kisha DVR, mashine inayorekodi, kimyakimya huanza kufuta ya zamani ili iandike mapya. Mwizi wa Jumatatu akishtukiwa Jumanne ya wiki inayofuata, mashine imeshamsamehe.

Terabaiti 4 zingetunza siku 46. Kubana video kwa H.265 badala ya H.264 kungepunguza ulaji karibu nusu. Zipo hata diski za kazi hiyo, WD Purple na SkyHawk, zilizoundwa kuandika usiku na mchana.

Lakini bosi akitajiwa bei, anaona fundi anampiga mzinga. Anachomeka diski ya gigabaiti 500 iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, kisha kwa usalama zaidi anaongeza kamera ya 5. Sasa kumbukumbu ni kama siku 4 na nusu.