Jinsi ya Kuuza Alizeti kwa Herufi za Kifalme

Ghala umeshafungua Kibaigwa, alizeti imejaa hadi mlangoni, limebaki bango tu. Usikubali kuandikiwa kwa brashi kama majirani zako wasiojua mambo. Nenda steshenari, mwambie kijana wa kompyuta: "Mdogo wangu, niwekee Bodoni." Akishangaa, mwambie ni jamii ya zile herufi za jalada la Vogue: nguzo nene, na vijimstari vyembamba kama unywele.

Giambattista Bodoni alizichonga kule Parma, Italia, mwishoni mwa karne ya 18, akiwa mkuu wa kiwanda cha uchapaji cha mtawala. Alikuwa na karatasi laini, wino mzuri na wasomaji wasio na haraka. Wewe una vumbi, upepo wa Kongwa na barabara ya Dodoma–Morogoro. Mmelingana.

Wenye ujuzi watakwambia herufi hizi ni za vichwa vya habari, ziandikwe kubwa. Waache na ujuzi wao. Namba ya simu nayo iweke kwa Bodoni, ndogo kabisa, pale chini kwenye kona. Bodoni alihangaika kuchonga kila ukubwa peke yake. Wewe punguza kwa kompyuta mpaka ienee. Rangi iwe njano juu ya nyeupe, ndiyo inayopendeza mbele ya wageni.

Sasa litundike, usubiri kiangazi. Jua na vumbi vitaanza na vile vijimstari vyembamba. Kwenye ALIZETI, A itapoteza mguu wa kushoto. L itakosa kitako, T itakosa kichwa, E itapukutika mikono yote mitatu. Z ndiyo itakayotia huruma zaidi: itabaki mstari mmoja uliolala mshazari. Jumla yake ni safu ya vijiti saba, viwili vimeinama. Mteja atadhani unauza kuni.

Usivunjike moyo, maana wilaya hii imeshaona makubwa yaliyopendeza kwenye karatasi. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa Kongwa mpango wa karanga, wenye ramani safi na matrekta. Hawakuuliza sana habari za mvua, wala udongo unaokauka ukawa mgumu kuchimbika. Mwaka 1951 wakaufuta. Nao, bila shaka, walikuwa na barua zilizochapwa vizuri.

Lori linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akishamaliza kujiuliza vijiti vile ni nini, yuko kwa jirani yako, anapakia.

Ukichoka kusifiwa na wapiga picha za harusi, mtafute yule fundi wa brashi. Namba yake ya simu iko kwenye kona ya kila duka alilochora, na inasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara.