Karani Asiyejua Kusema "Sikusikia"

Makosa ya mashine za kuandika imla yana mashabiki wengi, nami nimo. Chukua simu yoyote yenye alama ya kipaza sauti kwenye kibodi, sema kwamba Mkuu wa Wilaya atakuwa mgeni rasmi, kisha subiri. Siku ikiwa njema utaandikiwa kwamba mguu wa wilaya atakuwa mgeni rahisi. Kikao cha wazee cha kupanga mahari kitageuka kikao cha kupanga mahali, jambo linaloweza kumalizwa kwa dakika tano na watu wakarudi nyumbani bila kutoa hata mbuzi mmoja. Mgombea aliyeomba kura ataonekana ameomba kula, na hapo watakuwepo wa kusema kwamba mashine imesikia vizuri kuliko sisi. Makosa ya namna hii hayamdhuru mtu. Yanarushwa kwenye kundi la ukoo, mjomba anacheka kwa vikatuni saba mfululizo, shangazi anauliza nani amekufa, na maisha yanaendelea. Hoja yangu ni kwamba tuyapende zaidi ya hapo, tena tuhuzunike yatakapotoweka, kwa sababu kosa la kuogopwa ni lile lisilochekesha: sentensi safi, sarufi imetulia, herufi kubwa na nukta ziko mahali pake, ila hakuna aliyeisema.

Zamani mashine hazikuwa na uwezo wa kudanganya kiasi hicho. Audrey, mtambo wa maabara za Bell kule Marekani, mwaka 1952 ulitambua tarakimu kumi tu, 0 hadi 9, tena kutoka kinywani mwa mtu uliyemzoea, naye ilimpasa atue kati ya tarakimu na tarakimu. Miaka kumi baadaye IBM walipeleka kwenye maonyesho ya Seattle kifaa kilichojua maneno 16. Ungemsimulia Audrey habari za posa, angekujibu saba, nawe ungetambua papo hapo kwamba hakuelewa kitu (ingawa saba nayo ingeweza kuwa idadi ya ng'ombe). Huduma za leo ni kabila jingine. Unapakia mtandaoni sauti ya kikao kizima, unakwenda kunywa chai, ukirudi unakuta kurasa ishirini zimepangwa. Kilichoandikwa humo si kile mashine ilichosikia, ni kile ambacho mashine inaona kinaelekea kuwa kimesemwa. Sauti imekatwa vipande vidogo, vipande vimelinganishwa na sauti ilizofundishwa, kisha yametafutwa maneno ambayo kwa kawaida huongozana. Neno likimezwa, pengo haliachwi. Linajazwa na neno ambalo lingekaa hapo vizuri. Tumeajiri karani mwenye sikio zito na kalamu nyepesi, aliyeapa kwamba mpaka astaafu hatatamka neno "sikusikia".

Kwa Kiswahili karani huyu ana udhuru wake, maana shule alikwenda kidogo. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa modeli iitwayo Whisper, ambayo tangu hapo imetumika ndani ya huduma nyingi za unukuzi. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na kati ya hizo takribani 438,000 zilikuwa za Kiingereza. Za Kiswahili, kwa kazi ya kunukuu, hazikufika kumi. Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza huchukua muda mrefu kuliko huo, na abiria wake wangemfundisha mambo mengi zaidi. Juhudi za kumlisha zipo: mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za watu wa kujitolea, na Wanyarwanda, kwa bidii inayostahili kuonewa wivu, wameuchangia zaidi ya saa 2,000 za Kinyarwanda. Lakini sehemu kubwa ya sauti za mradi huo ni za watu wanaosoma sentensi kwenye skrini, na msomaji wa sentensi hasemi "yaani" mara nne, hakohoi, wala shemeji hamkatizi. Kikao cha kikoba uani hakiendi hivyo. Watu watatu husema kwa pamoja, jogoo ana mchango wake, na daladala likipita barabarani, konda naye anaingia kwenye kumbukumbu, ajenda ya nne inakuwa "Buguruni Sokoni kushuka". Hapo bado hujamweka mama wa Mombasa mwenye lahaja ya Kimvita, anayemwita mwanawe "ndoo hapa" akimaanisha "njoo hapa", naye karani akaandika, bila hata kutetereka, habari za ndoo ya maji.

Na alama za uandishi je? Mtu anayemwandikia mama mkwe kwa sauti huelekezwa atamke alama zenyewe. Katika lugha ambazo huduma inazijua vizuri, ukitamka jina la alama unapata alama. Katika Kiswahili mara nyingi unapata jina. Kwa hiyo salamu ya adabu kamili inafika ikiwa hivi: "Shikamoo mama koma habari za huko koma". Nitakubali kwamba hili nalo ni la kuchekesha, isipokuwa kwa mkwe.

Hayo yote bado ni makosa yanayoonekana. Hebu tuje kwenye yale yanayovaa suti. Mwambie karani, "Tukutane saa mbili asubuhi." Kwa kuwa huduma nyingi hupenda kugeuza maneno kuwa tarakimu, unaweza kuletewa 2:00 asubuhi, na ikiwa huduma hiyo imeunganishwa na kalenda ya simu, mwaliko utakwenda kwa wajumbe ukiwaita kikaoni saa nane za usiku. Hakuna neno lililokosewa hapo. Kilichokosekana ni kujua kwamba sisi saa zetu za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Mjumbe wa Tandika ataelewa na kujisahihishia mwenyewe. Mfadhili aliyeko Oslo hatajisahihishia.

Kibaya zaidi ni ukanushi. Kiswahili, pamoja na fahari yake yote, kimeuweka mzigo wa kukataa juu ya silabi nyembamba mno, mara nyingi pumzi tu iliyo mwanzoni mwa neno, mahali ambapo msemaji bado anavuta hewa na kipaza sauti bado kinaamka. "Hatutalipa riba" ikipoteza pumzi yake inabaki "tutalipa riba". "Hatuna deni" inakuwa "tuna deni". Mgonjwa aliyesema "nina mzio wa penisilini" anatofautiana na aliyesema "sina" kwa konsonanti moja, na konsonanti hiyo ikipita kwenye barakoa ya daktari na feni ya dari, sijui nani angekula kiapo. Shahidi aliyesema "hatukumwona" anaweza kusomeka "tukamwona", na sentensi ikaendelea kwa raha zake hadi kwenye nukta. Mguu wa wilaya unajitangaza wenyewe. "Tuna deni" haijitangazi. Inakaa kimya kwenye muhtasari ikisubiri sahihi ya mwenyekiti.

Kisha kuna yale ambayo hayakutokana na sauti yoyote. Watumiaji wengi wa modeli hizi wamekutana na ukimya uliozaa maandishi: msemaji anatua, mashine inajaza shukrani kwa watazamaji, desturi iliyoichukua kwenye manukuu ya video za mtandaoni ilizofundishiwa. Utafiti wa mwaka 2024 uliowahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell ulikuta kwamba karibu asilimia moja ya vipande vya sauti walivyoipa Whisper vilirudi na maneno au sentensi nzima ambazo hazikusemwa, na waliozushiwa zaidi ni watu wenye maradhi yanayovuruga usemi, ambao hutua mara kwa mara wakitafuta neno. Nawafikiria wazee wetu wa baraza. Mzee anayejiheshimu hutua kabla ya "lakini", na katika kutua huko ndiko hukumu iliko. Karani wetu hawezi kuvumilia. Atamsaidia mzee kumaliza.

Najua nitakachoambiwa: binadamu naye hukosea. Hukosea sana. Makarani wa vyama vyetu wameandika maajabu tangu enzi za daftari la mistari, na mwandishi wa habari aliyechoka huweza kumlisha waziri maneno ambayo waziri angeyapenda kuliko yake. Tofauti iko kwenye tabia ya kosa. Binadamu asiposikia huuliza, "umesemaje hapo?" Akiona haya kuuliza, mwandiko wake unachakaa, anaweka nukta nukta, anaandika neno kwa penseli. Shaka yake inaonekana kwenye karatasi. Mashine huandika neno ililolisikia na neno ililolibuni kwa wino uleule. Na hapa ndipo subira yangu inapoishia, kwa sababu mashine haikosi shaka. Hesabu zake za ndani hukadiria uwezekano wa kila neno kabla ya kulichagua, na baadhi ya huduma humpa mtaalamu wa kompyuta makadirio hayo akiyaomba. Mtumiaji wa kawaida haonyeshwi. Mtu fulani ameamua kwamba ukurasa usio na madoa unauzika zaidi kuliko ukurasa mkweli.

Wengine watasema tatizo ni sisi: tuseme vizuri, tutafune maneno, tuige wasoma taarifa ya habari. Shauri hili lina kaukweli kadogo, maana kipaza sauti cha karibu na chumba tulivu husaidia kweli. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulijaribu mifumo ya kampuni 5 kubwa, ukakuta kwamba kwa wastani ilikosea maneno 19 katika kila 100 ya wazungu, na 35 katika kila 100 ya Wamarekani weusi. Wote walikuwa wakisema Kiingereza, lugha waliyozaliwa nayo. Ikiwa mtu wa nyumbani kabisa anaambiwa atafune maneno, basi mkazi wa Lubumbashi au Bujumbura, na bibi wa Pemba, wote wanaosema Kiswahili chao sawasawa, wataambiwa wameze kamusi. Karani ndiye anayelipwa kusikiliza. Hatukukubaliana kwamba bosi ndiye aende darasani.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, nami silipingi. Kunukuu saa moja ya mazungumzo kwa mkono huweza kula saa nne au zaidi, na kazi hiyo kwa kawaida hupewa kijana wa mafunzo asiyelipwa. Asiyeona, aliyepooza mkono, mzee ambaye herufi za simu zimekuwa chungu ya sisimizi kwake, wote hao wamefunguliwa mlango ambao hapo awali haukuwepo. Tanzania ilipobadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mahakimu wengi walikuwa bado wanaandika mwenendo wa mashauri kwa mkono, na sasa Mahakama imeanza kutumia mfumo wa kunukuu na kutafsiri. Sababu inaeleweka: hakimu anayeandika kila neno hana nafasi ya kumtazama shahidi usoni. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote aitupe mashine. Ninachosema ni kwamba kadiri kazi inavyokuwa na uzito, ndivyo "tukamwona" inavyokuwa ghali.

Basi itaboreka, wanasema, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Rasimu yenye makosa ishirini kila ukurasa husomwa kwa kalamu mkononi. Unacheka, unafuta, na ukiwa unafuta mguu wa wilaya, macho yaliyo macho yanakamata na "tuna deni" iliyokuwa imejibanza mstari wa chini. Rasimu yenye kosa moja kila kurasa kumi husomwa na mtu anayepiga miayo, na hilo kosa moja lina nafasi kubwa ya kuwa lile lililovaa suti, maana yale ya kuchekesha yameshaondolewa na wahandisi. Mashine mbovu ilitulazimisha kuwa wahariri. Mashine nzuri inatuomba tu tubonyeze "kubali".

Kwa waundaji wa huduma hizi, ombi langu halihitaji saa nyingine 400,000 za sauti: wekeni rangi kwenye neno mlilolitilia shaka, na pale msiposikia acheni nafasi wazi, tutaijaza wenyewe. Na wewe msomaji, ukiletewa muhtasari ulionukuliwa na mashine, isikilize sauti yenyewe walau pale panapotajwa fedha, saa, dawa na kila mahali mtu alipokataa jambo. Huduma inayokupa maandishi bila kukuachia sauti yake, usiitilie sahihi, wala usiilipe.