Majibu kwa Wenye Mbwa Wanaonuka

Barua zilizotufikia katika msimu huu wa mvua zimekuwa na shauri moja tu, nalo ni harufu ya mbwa. Na kwa kuwa wengi wa walioziandika wameapa kwamba hawatapata usingizi mpaka wajibiwe, tumeyaweka kando maswali ya mahari, ya mirathi na ya wakwe waliokuja kutembea wakasahau kuondoka, ili tuishughulikie dhiki hii ambayo, tofauti na nyingine zote, huingia ndani bila kupiga hodi.

*Mbwa wangu hushuka pwani kila alfajiri, akajigaragaza juu ya matumbo ya samaki yaliyooza, kisha akarejea nyumbani kwa madaha kama bwana harusi. Nimemmwagia marashi ya mke wangu, chupa nzima, na sasa mke na mbwa wote wawili wananikimbia. Na je, nikimwosha vizuri, nguo zangu zitafaa kwa sala? – Mpenda Amani, Tanga.*

Bwana Mpenda Amani, marashi hayaondoi uvundo. Huupatia mwenzi, na wawili hao wakishakutana huzaa harufu ya tatu ambayo hakuna mwuza manukato aliyewahi kuipa jina. Mbwa wako hana nia mbaya. Wataalamu wa wanyama wamehitilafiana juu ya sababu ya tabia hiyo, wengine wakisema kwamba ni urithi wa mababu zake waliotaka kuficha harufu yao wasitambuliwe na mawindo, wengine wakisema kwamba huwaletea wenziwe habari ya chakula alichokiona. Lakini kwa rai yoyote utakayoifuata, yeye mwenyewe huamini kuwa amejipamba. Basi usimpige. Mkwangue kwanza uchafu ulioganda ungali haujalowa, maana ukitangulia kumwagia maji utausambaza mpaka kwenye ngozi. Kisha mlowanishe kwa maji ya uvuguvugu, umpake sabuni ya mbwa, usugue hadi chini ya shingo na nyuma ya masikio, mahali ambapo wavivu hawafiki, usuuze, na urudie mara ya pili, kwa kuwa mafuta ya samaki ni mabishi na sabuni ya kwanza huishia katika kubishana nayo. Mkaushe vema kwa taulo. Manyoya yanayobaki na unyevu hutoa harufu yake yenyewe, kwa sababu vijidudu vinavyoishi katika ngozi ya kila mbwa huacha humo taka zao, na maji yanapokauka hewa huzichukua na kuzileta puani.

Ama kuhusu sala, jambo hilo ni la mwalimu wako wala si la safu hii. Lakini wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, wanajua kwamba kilichopatwa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Sharti hilo ni la nguo na vyombo, na halikuwekwa ili kumpendezesha mbwa. Na marashi mapya yanunuliwe kabla ya sabuni.

*Usiku wa jana mbwa wangu alimfukuza kicheche, akarudi analia, na harufu aliyokuja nayo imewaamsha hata majirani wa ng'ambo ya mto. Mmoja ananishauri mafuta ya taa, mwingine nyanya ndoo nzima. – Mlinzi wa Shamba, Njombe.*

Bwana Mlinzi, pole kwako, na pole zaidi kwa mbwa. Kicheche, yule mnyama mdogo mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni, hana haja ya kupigana na mtu: hugeuza kisogo, huinua mkia, na kutoka chini yake hurusha maji ambayo adui huyakumbuka umri wake wote. Mafuta ya taa uyaache kwenye taa. Huunguza ngozi, na mbwa akijilamba yatamdhuru tumboni na mapafuni, kisha utakuwa na mgonjwa anayenuka badala ya mzima anayenuka. Nyanya nazo hazina kosa, ila hazina kazi. Pua ya mwoshaji, baada ya kukaa na uvundo kwa muda, huchoka kuuhisi, ikaanza kunusa nyanya peke yake, naye akatangaza ushindi, mpaka atokee mgeni mlangoni aliye na pua mpya.

Dawa iliyo ya kweli ilitoka Marekani, ambako kuna mnyama aitwaye skanki, mwenye silaha ya namna hiyohiyo. Mwaka 1993 mkemia mmoja wa Illinois, Paul Krebaum, alitangaza mchanganyiko usiofunika harufu bali unaoibadili: uvundo ule hutokana na viini vyenye salfa, na oksijeni ikivifikia huvigeuza kuwa vitu ambavyo pua haivijali. Nunua katika duka la dawa lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayotoa povu kwenye kidonda; tia robo kikombe cha soda ya kuokea, na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nasema soda ya kuokea, wala sisemi magadi, kwa maana magadi ni makali na yatamchubua. Mpake dawa hiyo mara tu uichanganyapo, uiepushe na macho na kinywa, ngoja kiasi cha dakika tano, kisha msuuze kwa maji mengi. Huenda manyoya meusi yakapauka kidogo. Kitakachosalia ukimwage, wala usijaribiwe na tamaa ya kukihifadhi katika chupa yenye kifuniko, kwani hewa itokayo humo hujikusanya mpaka chupa ikapasuka, na majirani wa ng'ambo ya mto watakuwa wameamshwa mara mbili.

*Ninamwosha mbwa wangu kila siku kwa sabuni ya kufulia, na kadiri ninavyomwosha ndivyo anavyozidi kunuka. – Bibi Msafi, Nakuru.*

Bibi, pumzisha mikono. Sabuni ya kufulia huondoa mafuta yanayoilinda ngozi, nayo ngozi ikikauka hujikuna, ikachubuka, ikawa makao ya vijidudu. Dawa za kusafishia sakafu zenye fenoli usizikaribishe kabisa. Funua masikio yake uyanuse, japo si kazi ya heshima, tazama meno, angalia chini ya mkia, penye vifuko viwili vidogo ambavyo vikijaa hutoa harufu ya samaki hata kwa mbwa asiyewahi kuiona bahari. Ukiona anatikisa kichwa, au anaburuta makalio sakafuni, tiba haimo katika ndoo: mwite daktari wa mifugo.

*Mbwa anayenuka ni wa mwenye nyumba. Nimwambieje? – Mpangaji, Dar es Salaam.*

Lipa kodi kwanza.

*Nimemwosha, nimemkausha, daktari amemkagua akasema ni mzima, na bado sebule yangu inanuka. – Aliyekata Tamaa, Morogoro.*

Ndugu yetu, kibaya chajitembeza, lakini pia hulala mahali. Lifue gunia analolalia kwa maji ya moto, ulianike juani mchana kutwa, na ukung'ute mkeka. Ikiwa baada ya hayo sebule ingali inanuka, mpeleke mbwa kwa nduguyo alale huko siku mbili, na viatu vyako uviache palepale vilipo chini ya kiti. Harufu ikiendelea, mrudishe mbwa nyumbani. Hana kesi ya kujibu.